"Dereva wa lori yuko juu, anaona kila kitu"

Si kweli. Kukaa juu humsaidia kuona mbali. Aliye karibu hufichwa na urefu huohuo. Mwendesha baiskeli aliye mbele kabisa ya bampa, au sambamba na mlango wa kushoto, yuko chini ya usawa wa dirisha. Vioo hupunguza tatizo, haviliondoi.

Kwetu Tanzania na Kenya, tunakopita kushoto, pabaya zaidi ni kona ya kushoto. Semitrela, yaani lori la kichwa kinachovuta tela, huenda kulia kwanza ili lipate nafasi ya kukata kona, na kushoto hubaki uwazi unaovutia. Mwendesha baiskeli, usiuingie, hata kama foleni imesimama. Kichwa kikikata kona, magurudumu ya tela hayafuati njia yake: hupita ndani zaidi, yakisogelea ukingo, na uwazi hufungika. Baki nyuma, unapoweza kuuona uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipouona, naye hakuoni.

Dereva, washa indiketa ya kushoto kabla ya kwenda kulia hivyo, na utingo achungulie upande wake. Unapompita mwendesha baiskeli, mwachie angalau mita 1.5, zaidi ukiwa kasi maana upepo wa lori humyumbisha, na usirudi kushoto mpaka tela lote limempita.