Eti mtoto mchanga hawezi kuhimili moyo wa kupandikizwa?

Wengi huamini kwamba kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo kumpandikiza moyo kunavyokuwa kazi bure. Wasiwasi huo una historia. Desemba 1967, siku tatu tu baada ya daktari Christiaan Barnard kumpandikiza binadamu moyo wa binadamu mwingine kwa mara ya kwanza kule Cape Town, daktari Adrian Kantrowitz alimpandikiza mtoto mchanga huko Brooklyn, Marekani. Mtoto aliishi saa chache tu.

Takwimu za siku hizi zinasema vingine. Kweli, miezi ya mwanzo ni migumu kwa mchanga. Ila nusu ya waliopandikizwa kabla ya kutimiza mwaka huishi zaidi ya miaka 20. Kwa waliopandikizwa wakiwa na umri wa miaka 11 hadi 17, nusu hufikisha kama miaka 13 au 14 tu baada ya upasuaji.

Kinachombeba mchanga ni huohuo uchanga: kinga yake haijazoea kupambana na kitu kigeni. Mwaka 2001, Lori West na wenzake wa Toronto walionyesha kwamba anaweza hata kupokea moyo wa kundi la damu lisilooana na lake.

Kijana wa miaka 15, mbali na kinga iliyokomaa, kachoka na vidonge vya asubuhi na jioni vya kuzuia kinga isiushambulie moyo mpya (nani asingechoka?). Anaruka dozi mbili tatu, haoni tofauti. Moyo ule ulikatwa neva wakati wa upasuaji, hivyo mishipa yake ikianza kuziba, mara nyingi kifua hakiumi. Kliniki ndiyo hugundua, kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni.