"Fundi, ongeza msumari tu"

Wiki hii nimeletewa viti vinne vinavyocheza, na vyote vimeshapigwa misumari nyumbani. Kimoja kina misumari saba kwenye mguu mmoja, na mwenyewe bado ananiambia, "Fundi, ongeza hata wa inchi nne." Nimechoka kulisikia neno hilo, kwa sababu linaua viti vizuri.

Watu wanaamini msumari ndio unaoshika kiti, gundi ni nyongeza. Ni kinyume. Kiti kikicheza, ulimi wa ubao wa pembeni, yaani ncha yake iliyochongwa ili iingie mguuni, umeachana na tundu lake. Chukua ulimi wenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 5: pande zake mbili pana tu zina sentimita za mraba 40 za mbao kugusana na mbao. Gundi nyeupe ikikamata eneo lote hilo, siku ukivunja kwa nguvu utakuta mbao ndiyo iliyopasuka kando, na mstari wa gundi uko palepale. Msumari hauna eneo hilo. Unashikwa na nyuzi chache zilizoubana. Masika mbao hunywa unyevu ikavimba, kiangazi ikasinyaa, na chuma hakifuati mwendo huo. Tundu la msumari linalegea kidogo kidogo. Kisha mtu anaegemea nyuma, kiti kinabaki kwa miguu miwili, na uzito wake unakuwa mtaimbo wa kuung'oa. Kibaya zaidi, msumari ukipita katikati ya ulimi huupasua. Kiti cha mninga ambacho ningekifunga kwa gundi ya bei ndogo sasa kinadai ubao mpya.

"Gundi nilitia, ikashindwa." Uliitia juu ya gundi ya zamani! Gundi nyeupe hushika kwa kuingia kwenye vinyweleo vya mbao, maji yake yakatoka, ikabaki imeng'ang'ania humo. Ikikuta utando uliokwisha kukauka, haina pa kuingia. Fungua kiungo, lainisha gundi kuukuu kwa siki ya uvuguvugu, kwangua hadi uone mbao tupu, acha ikauke. Paka pande zote mbili, kisha bana. Kubana ndiko watu wanakoruka. Mimi nawaambia wateja wakate mpira wa ndani wa baiskeli, wauzungushe miguuni kwa kuuvuta sana. Au wafunge kamba, wapitishe kijiti na kuisokota mpaka ikaze. Acha saa moja, na kiti kisikaliwe hadi kesho yake.

Gundi nyingi haishiki zaidi. Ukibana, itoke kama kijasho chembamba pembeni. Ikichuruzika umeimwaga bure, na isipotoka kabisa kuna mahali pakavu ndani.

Kuanika juani ili ikauke haraka? Usifanye. Jua hukausha upande mmoja wa ubao kuliko mwingine, ubao unapinda, na kiungo kinafunguka gundi ikiwa bado mbichi.

Halafu kuna supagluu, ambayo wengi wanadhani hukaushwa na hewa au joto. Hugandishwa na unyevu. Ndiyo maana vidole vyenye jasho hunasa papo hapo, na ndiyo maana kifuniko kikiachwa wazi chupa nzima huwa jiwe. Harry Coover, mkemia wa Marekani, alikutana nayo mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya vioo vya kulengea shabaha, akaiweka kando kwa sababu ilinata kila mahali. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Ni nzuri kwa kikombe kilichovunjika. Kwenye kiungo cha kiti ni ngumu mno, haina unyumbufu, mtikisiko mmoja inakatika. Na ndoo ya plastiki msiniletee niigundishe. Plastiki ile haikubali gundi hizi zote. Mpelekeeni yule anayezunguka mtaani na chuma cha moto, yeye huiyeyusha ufa ukaungana.