"Aligusa mpira kwanza" hakumwokoi mchezaji

Kaa jukwaani katika uwanja wa Bukhungu siku klabu ya Kakamega Homeboyz inacheza, au Moi Stadium kule Kisumu, usubiri rafu kubwa ichezwe. Kelele ni ileile: "Refa, amecheza mpira!" Mimi huwafunza waamuzi chipukizi huku Magharibi mwa Kenya, na kelele hiyo huwaharibia kazi kuliko matusi, kwa sababu wengi wao wanaiamini. Mguu wa mtu umeponea chupuchupu, kadi nyekundu imebaki mfukoni, na ukimuuliza kijana sababu anakujibu kwamba beki aliupata mpira.

Kanuni ya 12 ya sheria za soka, ile inayohusu rafu, haina utetezi huo. Inapima namna mchezaji alivyomwingia mwenzake, kwa ngazi tatu. Akiingia kizembe, bila uangalifu, ni faulo na mambo yanaishia hapo. Akiingia bila kujali hatari anayomletea mpinzani, ni kadi ya manjano. Akitumia nguvu kupita kiasi au akihatarisha usalama wa mwenzake, anatolewa nje, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au yote miwili. Mpira kuguswa kwanza hakumo kabisa katika kipimo hicho.

Imani yenyewe haikuzuka tu. Sheria zilizoandikwa upya mwaka 1997 zilikuwa na kifungu kilichomwadhibu mchezaji aliyemgusa mpinzani kabla ya kuugusa mpira. Watu wakakigeuza: basi ukiugusa mpira kwanza, lolote lifuatalo ni halali. Hata wakati huo hesabu hiyo haikuwa sahihi, na kifungu chenyewe kiliondolewa baadaye. Makocha waliokulia katika enzi hiyo bado wanaifundisha, na watoto wanaipokea hivyo hivyo.

Sasa tuangalie mguu wenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Beki anajitelezesha kuuendea mpira. Jambo la kwanza ninalotaka mwamuzi aone ni goti: limekunjwa au limenyooka? Goti lililokunjwa hulegea mguu ukikutana na mwili wa mtu. Lililonyooka na kukazwa hubeba uzito wote wa mwili na kuupeleka mbele. Kisha nyayo: njumu zinatazama chini au zinamtazama mpinzani? Kisha mahali zilipotua. Juu ya kiatu ni tofauti na kifundo, na kifundo ni tofauti na muundi. Mwisho, je, ana mguu wowote ardhini? Aliyeruka kwa miguu yote miwili hawezi tena kujizuia wala kubadili njia, hata mwenzake akiuwahi mpira kwa kufumba na kufumbua.

Huku Kakamega mvua ya alasiri inaongeza jambo. Nyasi zikilowa, mtelezo wa hatua mbili unakuwa wa hatua nne, na beki atakwambia, "Refa, nimeteleza tu." Mimi huwaambia waamuzi wasikilize kwa adabu na wasibadili uamuzi kwa hilo. Uwanja uliolowa anauona kila mtu tangu dakika ya kwanza. Anayejirusha kwa kasi ileile ya uwanja mkavu amechagua kutojali, na mara nyingine amevuka hapo.

Kosa la pili ni pacha wa lile la kwanza: kuhukumu kwa jeraha. Novemba 2019, Everton wakicheza na Tottenham, Son Heung-min wa Tottenham alimchezea rafu André Gomes wa Everton kwa nyuma. Gomes akayumba, akagongana na Serge Aurier, beki wa Tottenham, kifundo kikavunjika vibaya. Mwamuzi Martin Atkinson alikuwa ametoa kadi ya manjano, na baada ya jeraha kuonekana akaigeuza nyekundu. Chama cha soka cha Uingereza kiliifuta baada ya rufaa. Naona kilifanya sawa. Rafu yenyewe ilikuwa ya manjano, na mguu uliovunjika, kwa uchungu wake wote, hauwezi kurudi nyuma na kuongeza nguvu ambayo haikuwepo.

Kinyume chake ni Nigel de Jong wa Uholanzi katika fainali ya Kombe la Dunia 2010. Alimpiga Xabi Alonso wa Uhispania kifuani kwa njumu, Alonso akainuka na kuendelea kucheza, na mwamuzi Howard Webb akatoa manjano. Webb alieleza baadaye kwamba hakuliona tukio vizuri kwa kuwa alikuwa amezibwa. Ile ilikuwa nyekundu isiyo na mjadala, jeraha liwepo au lisiwepo. Na ndiyo sababu ninasisitiza mwamuzi apate pembe ya ubavuni: ukisimama nyuma ya mgongo wa mchezaji, mguu wake huuoni.

Viwanja tunavyochezesha sisi havina VAR, yaani waamuzi wanaosaidia kwa kutazama marudio ya video. Ila hata anayetazama marudio kwenye simu baada ya mechi afuate utaratibu wa VAR wenyewe: picha ya polepole hutumika kuonyesha mguu ulitua wapi, na uzito wa rafu hupimwa kwa kasi ya kawaida. Picha ikipunguzwa mwendo, rafu hubadilika sura, na hasira za mitandaoni nyingi huanzia hapo.

Kwa mwamuzi aliye peke yake uwanjani na shaka yake: puliza filimbi. Rafu ya kadi nyekundu haiachiwi iendelee kwa faida, isipokuwa kuna nafasi ya wazi ya kufunga bao. Waite wahudumu wa afya, nenda kwa msaidizi wako mshika kibendera, muulize goti na nyayo, na usimuulize kama mpira uliguswa. Kadi inaweza kungoja. Kabla mpira haujaanzishwa tena, bado una nafasi ya kubadili uamuzi wako.