Mkono unaruka kabla hujasikia moto: maswali na majibu kuhusu refleksi (mwili kujibu wenyewe kabla hujaamua)

Nikigusa sufuria ya moto mkono unaruka wenyewe alafu ndo nasikia maumivu, inakuaje?
Ni kweli kabisa, mkono unatangulia. Ngozi ikiungua taarifa inapita kwenye mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo, na amri inatokea hapo hapo, misuli ya kukunja mkono inaambiwa vuta na ile ya kunyoosha inaambiwa legea ili isipingane nayo, ubongo bado haujaulizwa kitu. Wenyewe unapata habari baadaye kidogo, na yale maumivu ya kuwaka yanayobaki yanasafiri taratibu sana, kama mita 1 tu kwa sekunde, kwa hiyo unaposema "uwii" mkono ulishatoka.

Mbona nikibeba kikombe cha chai ya moto siachii?
Kwa sababu ubongo unaweza kuizuia refleksi ukijua mapema kinachokuja. Sio kila mara lakini, moto ukizidi utaachia tu.

Daktari kunigonga goti na kinyundo anatafuta nini?
Anagonga ile kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) chini ya kifuniko cha goti, msuli wa paja unavutika ghafla, mguu unaruka. Anapima njia nzima ya taarifa kwenda kwenye uti wa mgongo kiunoni na kurudi, na analinganisha kulia na kushoto. Usiogope mguu usiporuka, kuna watu wazima wa afya wana refleksi dhaifu, atakwambia ufungamanishe vidole vya mikono uvute kwa nguvu alafu agonge tena, mara nyingi hapo unaruka.

Baba ana kisukari, kakanyaga msumari na hakushtuka, kaja kuona damu kwenye kandambili. Ni uzee?
Hapana ndugu yangu, usiseme uzee. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, inaanzia vidole vya miguu, na taarifa isipotoka unyayoni uti wa mgongo hauna cha kujibu, mguu unabaki pale pale kwenye msumari. Mpeleke kituo cha afya leo leo hata kama anasema haumi, hiyo kutouma ndo hatari yenyewe, na aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Kuanzia sasa asitembee peku hata ndani, kila jioni mtu amuangalie nyayo na katikati ya vidole, na maji ya kuoga ayapime mwingine kabla hajatia mguu.