Intelijensia si Jina Lingine la Ujasusi

Juzi nilikuwa Fort Jesus, Mombasa, nimesimama kando ya mzinga uliotolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg. Mbele yangu baba mmoja alikuwa akimsimulia mwanawe jinsi meli ile ilivyojificha Rufiji, na simulizi lake lilikuwa tamu mpaka alipofika hapa: "Waingereza wakaipata kwa intelijensia, yaani walikuwa na jasusi mle ndani." Nikauma mdomo. Neno hili nimelisikia likitumiwa hivyo redioni, kwenye mabaraza ya kahawa, hata mikutanoni. Limekuwa jina la heshima la jasusi, au la fununu ambayo msemaji hataki kuulizwa kaitoa wapi.

Maana yenyewe haina mengi. Intelijensia ni taarifa zilizokusanywa, zikapimwa na kulinganishwa, ili mwenye kuamua ajue adui ana nini, yuko wapi na anaweza kufanya nini. Ujasusi ni njia mojawapo tu ya kuzipata taarifa hizo.

Kinachoniudhi ni kwamba maneno yenyewe yamekwisha kututenganishia mambo. Jasusi tumemtoa kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kupapasa kwa mkono, vile tabibu anavyoshika kifundo cha mgonjwa kusikiliza mapigo. Jasusi basi ni mtu wa kupapasa gizani. Intelijensia asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna kitenzi chenye maana mbili, kuokota na kusoma. Kikitanguliwa na neno la "kati ya", kinakuwa kuchagua katikati ya vitu, na kwa hivyo kuelewa. Aliyewahi kukaa mkekani Pemba akichambua karafuu analijua jambo hili kuliko Warumi: huku karafuu, huku makonyo, vile vijiti vyake. Bila mchambuzi, gunia la fununu ni makonyo matupu.

Tuirudie basi Königsberg. Ilitoka Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 1914, siku chache kabla ya Uingereza kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na Agosti ikaikamata meli ya biashara City of Winchester, iliyokuwa na shehena ya chai. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, wakati mitambo yake ikitengenezwa. Kisha ikatoweka. Waingereza walijua manowari ile inakula makaa ya mawe, na kwamba bila makaa haiendi popote. Kwa hivyo swali la "iko wapi?" likawa pia swali la "nani anailisha?"

Jibu lilipatikana Lindi mwezi Oktoba. Huko manowari ya Kiingereza Chatham iliikuta meli ya Kijerumani Präsident, na ndani yake zikapatikana hati zilizoonyesha kwamba makaa yalipelekwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea shehena, hadi Rufiji. Karatasi za shehena! Hakuna aliyejibadilisha sura wala kunong'ona dirishani. Chatham ikaelekea kwenye milango ya delta, pale mto unapogawanyika mikondo kuingia baharini, na tarehe 30 Oktoba milingoti ikaonekana, imechomoza juu ya mikoko.

Wapapasaji walikuwapo, sikatai. Mwindaji Pieter Pretorius aliingia delta kisirisiri, akachunguza meli ilivyolala na kupima vina vya maji ili ijulikane ni mkondo gani ungepitisha meli za Kiingereza. Kazi ile ilihitaji moyo. Lakini alipofika Rufiji, meli ilikuwa imeshajulikana iko huko. Ndege nazo zikaruka kuitazama kutoka juu. Vyote hivyo, hati, vina na macho ya marubani, vilipowekwa pamoja ndipo ikawa intelijensia, na Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni na kuimaliza.

Na kama mtu ataniambia hayo ni ya zamani, basi aulize kuhusu Allidina Visram, shule iliyo papa hapa Mombasa. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, wavunjaji wa maandishi ya siri wa Kiingereza walihamishiwa humo. Walikaa mezani na penseli, wakazilinganisha tarakimu zilizonaswa hewani mpaka wakaivunja lugha ya siri ya meli za biashara za Japani. Walisaidiwa na uzembe wa mtu aliyetuma ujumbe mmoja mara mbili. Meli zilianza kusomwa safari zake kutoka darasani Mombasa, na waliozisoma hawajawahi kukanyaga sitaha ya hata moja kati ya hizo. Ukiwaita majasusi utakuwa umewapa sifa isiyo yao na kuwanyima iliyo yao.

Yule baba nilimngoja amalize. "Samahani ndugu yangu," nikamwambia, "jasusi alikuja baadaye. Kilichoiponza meli mwanzo ni hati za matishari ya makaa." Akanisikiliza kwa adabu, akakubali kwamba sawa, intelijensia ni pana kuliko alivyosema. Mtoto akauliza tishari ni nini, na hapo nikamwachia babake.