Honduras haikufungiwa Pasifiki

Ukitazama ramani ya Ghuba ya Fonseca, kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati, utaelewa uvumi ulikotoka: El Salvador na Nicaragua zimeshika mlango, Honduras imebaki ndani kabisa, kama mpangaji wa chumba cha uani. Basi watu husema haina haki ya kutoka hadi bahari ya Pasifiki. Sivyo. Mwaka 1992 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba kila nchi ina ukanda wake wa maili 3 za baharini kutoka pwani. Maji yaliyobaki, ukiacha yale ambayo Honduras na Nicaragua ziligawana mwaka 1900, ni ya nchi zote tatu, hata katikati ya mlango. Nje, upande wa Pasifiki, Honduras nayo ina haki ya kudai sehemu ya bahari. Mipaka ya huko mahakama haikuichora, iliziachia nchi hizo zikubaliane.