Fedha za Umma, Hospitali ya Binafsi

Kazi yangu ni kuhakiki madai ya bima ya afya, na swali ninaloulizwa mno ni hili: kwa nini michango ya wanachama ilipe hospitali za binafsi?

Mwaka 1977 sheria ya Tanzania ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, na mwaka 1991 ikaruhusiwa tena. Muda wote huo hospitali za madhehebu ya dini ziliendelea kutibu. Leo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi ni hospitali za rufaa za kanda, na serikali inachangia mishahara ya watumishi wake. Wilayani nako zipo hospitali teule: majengo ya kanisa, mkataba wa serikali. Ubia huu umeitangulia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), iliyoanza mwaka 2001. Kwa hiyo mimi sibishani kuhusu mmiliki. Nauliza analipwaje.

Hospitali ikilipwa kwa kila huduma, kila kinachoandikwa kwenye fomu ni fedha. Chukua mgonjwa wa malaria isiyo kali: amwone daktari, apimwe kwa kipimo cha haraka, apewe dozi ya dawa mseto ya ALu, arudi nyumbani. Nimekutana na fomu za mgonjwa wa namna hiyo zikiwa na picha kamili ya damu, Widal (kipimo cha homa ya matumbo) na dripu juu yake. Nakata, hospitali inalalamika, tunaandikiana barua. Na tabia hiyo si ya hospitali za binafsi peke yake. Hospitali za serikali nazo hutegemea madai hayo hayo.

Ila ukibana bei kupita kiasi, anayeumia ni mgonjwa. Tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao (orodha ya huduma zinazolipiwa na bei zake) kilipoanza, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF. Mtu anakatwa mshahara kila mwezi, anafika dirishani na mtoto mwenye homa, anaambiwa alipe taslimu! Hilo halikubaliki hata kidogo.

Ninachotaka ni bei zipangwe kwa hesabu ya gharama ambayo pande zote zimeiona, madai safi yalipwe kwa wakati, na mkataba umzuie mtoa huduma kufunga dirisha ghafla huku mazungumzo yakiendelea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuwaingiza hata wakulima na wamachinga. Masharti hayo yaandikwe kabla hawajaanza kuchangia.